Saa nane usiku, damu iko wapi?

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa tawi letu hapa Makorora, Jumamosi baada ya alasiri. Mwenezi aliniomba niyaandike ili yawafikie na ambao hawakuwepo. Nimepunguza kelele na vicheko. Mengine yako kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti wa tawi, viongozi wa kata, mama zangu mliokaa kule nyuma, wapambanaji wenzangu, asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na nyie wa "mambo", poa.

Mwenyekiti ameniita nizungumzie afya. Kawaida mtu wa upinzani akipewa mada ya afya tunajua atakachosema: dawa hakuna, wauguzi wana midomo, hoyee, tutawanyike. Leo sitaki twende hivyo. Nataka tuchukue swali moja ambalo liko ndani ya nyumba zenu, tulikae mpaka tulimalize. Mwanamke mwenye mimba ya hatari, hapa hapa Tanga mjini, akajifungulie wapi? Serikalini au binafsi?

Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, haupiti mwezi kwenye grupu letu la WhatsApp bila mtu kuliuliza, na majibu yake mnayajua: huyu anasema nenda binafsi utahudumiwa kama malkia, yule anasema binafsi ni wezi. Ya pili mnaiona wenyewe, hata dera halifichi. Nina wiki ya 32.

Kwanza tuelewane mimba ya hatari ni ipi, maana nikisema hivyo wanaume wanadhani ni mimba ya nje ya ndoa. (Mlicheka, nikawaacha mcheke.) Ni mimba ambayo inajulikana mapema kwamba mama au mtoto anaweza kupata shida. Aliyewahi kupasuliwa. Mwenye presha au sukari. Mwenye mapacha. Mwenye selimundu. Aliyepungukiwa damu. Ambaye kondo la nyuma limekaa chini limeziba njia. Binti wa miaka 16, na mama wa miaka 40. Mwenye uzazi wa tano na kuendelea. Mengi ya haya yanagundulika kliniki, yanaandikwa kwenye kadi, na muuguzi anakwambia kabisa: wewe usizalie zahanati, nenda hospitali. Hapo ndipo swali linapoanza, kwa sababu ukifika nyumbani kila mtu ana hospitali yake.

Kwangu mimi ni presha, na kovu la kupasuliwa. Kwa wasiokijua kifafa cha mimba: baada ya wiki ya 20 presha inapanda, 140 kwa 90 na kuendelea, na mkojo unakuwa na protini. Kichwa kinauma, macho yanaona nyota, hapa juu ya tumbo chini ya mbavu panauma. Usipowahiwa unaanguka. Na kwa kuwa hapa ni Tanga, mtu akianguka anatetemeka na povu linamtoka, kabla ya hospitali atatafutwa nani? Ndiyo, mmesema wenyewe. Majini tunayo sifa yake nchi nzima, sibishani, lakini hili halina jini. Lina dawa, inaitwa magineziamu salfeti, sindano ya bei ndogo iliyokuwepo miaka mingi, na mwisho wa yote mtoto atoke tumboni. Kwa hiyo hospitali yoyote inayotaka kunipokea mimi lazima iweze mambo mawili: kunizuia nisianguke, na kumtoa mtoto saa yoyote, hata kama hajafika wakati wake.

Sasa sikilizeni. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa mkoa mwingine, mume wangu alikuwa na kibarua huko. Tulikwenda hospitali binafsi. Jina lake siku hizi halina umuhimu. Mapokezi mazuri, vigae vinang'aa, unaitwa "mama" mpaka unaona aibu. Tukaweka amana ya laki sita, hela ya mkopo. Nilikuwa na wiki 33, presha 170 kwa 110. Daktari hayupo, anapigiwa simu. Anayetoa usingizi hayupo, naye anapigiwa. Baada ya saa mbili wakatuambia mtoto ni njiti, wao hawana pa kumweka, twende hospitali ya serikali. Sawa, tuandikieni barua ya rufaa. Barua inatoka mkilipa salio. Salio la nini? La kitanda, vipimo na dripu. Mume wangu akazunguka na simu kuomba hela kwa watu saa saba ya usiku. Jumla, kutoka kufika mpaka kuondoka ni saa nne. Nilianguka kifafa ndani ya teksi.

Yaliyofuata nasimulia ya kuambiwa, maana mimi sikuwepo, nilikuwepo mwili tu. Pale serikalini muuguzi mmoja mwenye umri wa mama yangu alinichoma sindano mlangoni, kabla hajauliza jina wala hela. Asubuhi nimeshapasuliwa, mtoto kilo moja na gramu mia sita, yuko kifuani kwangu wanamwita kangaruu. Leo anakimbia hapo nje na wenzake.

Lakini msinipigie makofi bado. Pale pale serikalini mume wangu alitumwa dukani kununua glovu, bomba za sindano na uzi. Nililala siku mbili na mwenzangu kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kule, sote tuna mishono. Mhudumu mmoja alidai "hela ya soda" ndipo abadilishe shuka. Na kuna dada wa kitanda cha tatu alifokewa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama zangu hawa, kosa lake alilia kwa uchungu. Hilo ndilo ambalo watu hulikimbia. Wanaokwenda binafsi wengi hawafuati utabibu bora, wanafuata heshima. Na mwanamke anayezaa ana haki ya heshima, kwa hiyo sitawacheka.

Tuje kwenye mimba hii. Nyumbani kuna kikao tangu mwezi wa nne wa ujauzito. Kaka yangu aliyeko Dar katuma milioni moja na nusu, kasema hii ni ya hospitali binafsi, sitaki kusikia dada yangu kalala mzungu wa nne. Mama mkwe wangu, Mungu amuweke, kaniambia, "Mwanangu, unataka ukamzae mjukuu wangu sakafuni?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, nataka nimzae na mimi nibaki." Akanyamaza. Mume wangu yuko katikati, anakubaliana na anayeongea mwisho.

Nikachukua daftari, nikazunguka. Sitataja nilikokwenda. Hospitali binafsi mbili za hapa mjini, na moja ya shirika la dini nje ya mji. Maswali yangu hayakuwa kuhusu kitanda wala chakula. Niliuliza hivi: saa nane usiku, anayetoa usingizi analala wapi? Dada wa mapokezi akacheka akadhani namtania. Nikamwambia sitanii, dada yangu, analala ndani ya geti hili au anapigiwa simu? Nikauliza: damu mnayo kwenye friji hapa, au ndugu wa mgonjwa anatumwa kuifuata? Mtoto akizaliwa na kilo moja na nusu anakaa wapi? Na la mwisho: mkishindwa, mnanipeleka wapi?

Hospitali binafsi ya kwanza: wa usingizi anapigiwa, na wakanieleza bila kuficha kwamba mchana anafanya kazi serikalini. Damu inafuatwa. Mtoto njiti anahamishwa. Ya pili ilikuwa na mambo mazuri zaidi, daktari wa zamu analala pale pale, ultrasaundi nzuri, ila kwa damu na mtoto majibu ni yale yale, na bei ya upasuaji waliyoniandikia ni milioni moja na laki nane bila dawa za baadaye. Ile ya dini ilinijibu vizuri kuliko zote, na kama ningekuwa naishi upande ule ningefikiria mara mbili. Lakini swali la mwisho, la mkishindwa mnanipeleka wapi, wote watatu walijibu neno moja.

Bombo.

Basi ndugu zangu, nikifunga daftari nimeshapata jibu langu. Nitakwenda kuzalia kule ambako wote wangenipeleka, ila nitakwenda mapema na kwa miguu yangu, nikiwa na kadi yangu mkononi. Sitaki kupelekwa usiku nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa huu. Wa Lushoto, Handeni, Kilindi, Pangani, Mkinga, Korogwe, wakizidiwa rufaa inawaleta hapo, na sisi wa Makorora tunafika kwa bajaji. Mbele yake ni KCMC Moshi au Muhimbili Dar, na hizo ni safari za saa nyingi ambazo mwanamke anayetoka damu hana.

Sisemi binafsi ni wabaya. Ukiwa na mimba isiyo na alama yoyote kwenye kadi na hela unazo, nenda ukahudumiwe vizuri, kalale kitanda chako peke yako. Mimi mwenyewe kliniki nahudhuria serikalini, lakini ultrasaundi ya mwezi uliopita nilipiga binafsi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilitaka kujua kondo limekaa wapi kuhusiana na kovu. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mimba ya hatari, vigae si kipimo. Kipimo ni damu, mtu wa usingizi, daktari anayejua kupasua, na mahali pa kumweka mtoto, vyote viwe chini ya paa moja usiku. Zipo binafsi zenye vyote hivyo, Dar zipo. Ukiipata na unaimudu, chukua. Lakini uliza kwanza, usione aibu. Fundi wa nyumba unamuuliza saruji mifuko mingapi, daktari unaogopa kumuuliza damu?

Kuna utafiti mmoja ulitoka 2023, ulifanywa kwenye hospitali karibu 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000. Walichofanya ni kumwekea mama karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupimia damu anayotoa baada ya kuzaa, na ikizidi kiwango anapewa matibabu yote kwa pamoja papo hapo badala ya moja moja kwa kusubiri. Matatizo makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari! Na watu waliofundishwa waitumie. Kwa hiyo mtu akikwambia huduma bora lazima iwe ya bei kubwa, mwambie kuna wanawake wamepona kwa plastiki.

Sasa nije kwenye siasa, maana naona mwenyekiti wa vijana anaangalia saa.

Vijana wengi hapa mmezaliwa mmekuta hospitali binafsi kila mtaa, mnadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka 1977 nchi hii ilipiga marufuku kwa sheria hospitali za biashara. Zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ikaanza kutoza ada kwenye hospitali zake yenyewe, ile tuliyoambiwa ni kuchangia gharama. Wajawazito wakasamehewa kwenye karatasi, na Sera ya Afya ya 2007 ikarudia kwamba huduma za mama mjamzito ni bure. Simameni mtaani muulize mwanamke yeyote aliyezaa mwaka huu kama ilikuwa bure. Atawaonyesha orodha: beseni, kanga, pamba, glovu, wembe, mpira wa kutandika, uzi wa kitovu. Ya bure hiyo.

Kwa hiyo tumepata hali ambayo aliyenacho anakwenda binafsi na hana tena haja ya kupiga kelele kuhusu serikalini, na asiye nacho anakwenda serikalini na hana sauti ya kusikika. Aliyekuwa apige kelele kahama. Hapo ndipo ninapoona uchungu. Mkubwa ambaye mke wake hazalii hapa atajuaje kwamba glovu zimekwisha?

Na huyo aliyenacho asijidanganye. Mnakumbuka Machi 2024? Mfuko wa bima, NHIF, ulianzisha kitita kipya cha bei tarehe 1, hospitali binafsi kubwa zikakataa bei zile zikasitisha kuwahudumia wenye kadi. Mtu amekatwa mshahara miaka kumi, kafika getini na tumbo lake anaambiwa kadi haifanyi kazi hapa. Serikali na wenye hospitali wakavutana, wao wanajua walivyomalizana, lakini kwa siku zile mama mwenye mimba ya hatari aliyetegemea kadi alikuwa na hospitali moja tu ya uhakika. Ile ile aliyoikimbia.

Sitaki kusema uongo ili nipate makofi. Takwimu za serikali yenyewe zinasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na kwenye utafiti wa 2022 vimekuwa 104. Wanawake wanaojifungulia kwenye vituo wametoka asilimia 63 hadi 81. Ni hatua, na mtu wa upinzani anayeogopa kusema ni hatua hatafika mbali, kwa sababu bibi yake mwenyewe anaona kituo kimejengwa. Lakini zisomeni vizuri hizo namba. Zamani tulikuwa tunapigania mama afike hospitali. Sasa amefika. Akifa leo, anafia mikononi mwa watu waliovaa koti jeupe, na swali linabadilika: alikuta nini humo ndani? Jengo limezinduliwa, utepe umekatwa, picha imepigwa. Mtu wa usingizi yupo? Gari la wagonjwa lina mafuta?

Jirani zetu Uganda walilipeleka hilo mahakamani. Wanawake wawili walifariki kwenye hospitali za serikali, mmoja Mityana mwaka 2009 akiwa na mapacha, wa kwanza katoka wa pili kakwama. Mwingine Arua mwaka 2010, alikuwa diwani, mwenzetu wa siasa, kizazi kilipasuka akisubiri. Shirika la kutetea haki ya afya na familia zao wakaishitaki serikali mwaka 2011. Kwanza wakatupwa nje, wakaambiwa hayo ni mambo ya siasa, mahakama haiwezi kuiamulia serikali bajeti yake. Wakakata rufaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, kesi irudi isikilizwe. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki ya kuishi na haki za wanawake, ikaagiza bajeti ya afya ya uzazi iongezwe na familia zilipwe fidia. Miaka tisa! Lakini ilitamkwa. Na wenzetu wa Kenya nao, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia akina mama hospitalini kwa sababu hawajalipa bili ya uzazi ni kinyume cha katiba. Hospitali iliyoshitakiwa ilikuwa ya umma, siyo binafsi, kwa hiyo msidhani kuwa ya umma peke yake kunatosha.

Nasikia mtu anasema hapa kwetu katiba haituruhusu hivyo. Inawezekana, na ndiyo maana tunadai katiba mpya kila siku, mada hiyo ina kikao chake. Lakini kuna mambo yanayoruhusiwa leo na hatuyafanyi. Kila kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi, na ndani ya kamati kuna nafasi za wananchi wa kawaida. Siku hizi hela za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo ndiyo inayopitisha matumizi. Inueni mikono, nani anamjua mjumbe hata mmoja wa kamati ya Kituo cha Afya Makorora? Mmoja. Wawili, na wa pili ni mjomba wake. Tunagombania uenyekiti wa mtaa tunapigana mpaka mabomu, halafu kamati inayonunua glovu hatujui inakutana lini. Nafasi zikitangazwa nataka majina ya kutoka chumba hiki, na nataka ya wanawake. Bila bendera. Unaenda pale kama mwananchi, unauliza risiti.

Vivyo hivyo kwenye baraza la madiwani. Tukipata diwani, au hata tusipopata, maswali tunaweza kumwandikia aliyepo. Asiulize "huduma za afya zikoje", atajibiwa zinaendelea vizuri. Aulize kwa mwezi uliopita zilikuwa usiku ngapi ambazo hapakuwa na mtu wa usingizi kwenye zamu. Aulize magineziamu iliisha lini mara ya mwisho. Hapo mganga mkuu hawezi kujibu kwa ngonjera, lazima afungue daftari.

Namalizia na mpango wangu, kwa sababu kuna dada wawili hapa najua wana kadi zenye alama na wataniuliza tukitoka.

Presha napimwa kila wiki. Nikiona kichwa kinauma isivyo kawaida au macho yana nyota, sisubiri siku ya kliniki, sisubiri mume arudi. Namba ya dharura ya wajawazito ya m-mama ni 115, haina malipo, unapiga wanakutafutia usafiri mpaka hospitali, na kama hakuna gari la wagonjwa karibu wanatumia madereva wa mtaani waliosajiliwa. Iandikeni ukutani. Hela ya kaka yangu sijairudisha. Nimempigia nikamwambia, "Kaka, nimeipokea, ahsante sana, lakini siipeleki kwenye amana." Kwanza alikasirika. Nikamweleza: ni ya vitu nitakavyotumwa dukani, ya usafiri, ya chakula cha anayeniuguza, na kama daktari wa Bombo atasema twende Moshi au Dar, basi tunaondoka saa ile ile bila kuzunguka na simu. Akakaa kimya muda, akasema, "Haya, nakuongezea laki mbili." Mama mkwe yeye ameshona mashuka mawili mapya, na amesema akikuta wawili kitanda kimoja atafumua hospitali nzima. Namwamini kabisa.

Linalobaki ni damu, na hili silimudu mimi, wala kaka yangu. Nimepasuliwa mara moja, naelekea kupasuliwa ya pili, na damu haiuzwi, haina kiwanda. Utakayotoa si lazima nitiwe mimi. Inapimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende, inaingia benki, anatiwa anayehitaji usiku huo, awe wa chama chetu au wa kile kingine. Kama una miaka 18 mpaka 65 na kilo 50 kwenda juu, unaweza. Wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Katibu ana daftari pale mlangoni. Nimemwomba ayaandike majina na namba za simu, na Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tunakutana hapa tunakwenda pamoja, bajaji nne zimeshajitolea. Mwenyekiti ameahidi kuwa wa kwanza, na alisema mbele ya mashahidi. Mimi sitoi, nina kazi nyingine.